Shangazi Paskazia Achunguza Wauza Masikio

Huyu ni Paskazia Kabula binti Ndalahwa, wa Buhongwa, barabara ya Shinyanga. Baba yake, Ndalahwa wa Maige, aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Magu hadi Mwanza mjini enzi barabara ni vumbi tupu, na hakupoteza hata ndama. Babu yake, Maige, alimpokonya fisi mbuzi, akamchinja yule mbuzi siku ileile na kuwalisha majirani, ili asiwepo mtu wa kusema hakuona. Mama yake alijifungua mapacha mara mbili, na bado shamba lake la pamba liliwatia aibu wanaume wenye plau. Paskazia mwenyewe alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza kwa hesabu, akauza dagaa kwenye mwalo wa Kirumba mpaka wavuvi wa visiwani wakawa wanamuuliza yeye bei ya siku kabla hawajafunga mitumbwi, akamzika mume mmoja na kuwakataa wengine waliotaka nafasi yake, akasomesha watoto wake wote. Na akiwa shangazi mkubwa wa ukoo, amewaozesha mabinti wa kaka zake, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani na sanduku lake. Haya yajulikane kwanza, ili atakayecheka huko mbele ajue anamcheka nani.

Katika ukoo wa Ndalahwa, posa haimalizwi na wanaume kupeana mikono. Wanaume watajadili, watapandisha sauti, watatoka nje kunong'onezana, watarudi wamekunja nyuso. Lakini kila jambo likishakubaliwa, macho yote humgeukia shangazi mkubwa kwenye kiti chake, naye husema neno moja: "Nimesikia." Asiposema, jambo hilo halijakuwa jambo. Ng'ombe wanaweza kuwa wamekwisha kufungwa nje, wanatafuna maua ya watu, lakini shangazi asiposema amesikia, bado ni ng'ombe wa wenyewe.

Taabu ni kwamba kwa miaka kadhaa Paskazia alikuwa akisema amesikia huku hasikii.

Mambo hayo hayakuja kwa kishindo. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, akadhani wamehama kwa sababu ya majengo yaliyojaa Buhongwa. Kisha ikapotea kengele ya kanisa, akamlaumu katekista kwa uvivu. Kisha watu wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kuzungumza wamefumba midomo, akashangaa malezi ya siku hizi. Lakini mtu aliyeuza dagaa mwaloni hakosi mbinu. Alikaa daima ukuta ukiwa nyuma yake, awaone wote. Alicheka wenzake wakishacheka. Alizungumza yeye kwanza, tena kwa kirefu, wengine wasipate upenyo. Na yeyote aliyefungua mdomo mbele yake alimjibu "Marahaba." Kwa umri aliofikia, jibu hilo lilikuwa sahihi mara nyingi. Siku moja tu lilimwangusha, pale paroko alipomsimamisha mlangoni mwa kanisa na kumwambia, "Tumsifu Yesu Kristu."

"Marahaba, baba," akajibu Paskazia, akampita.

Hilo lilichekwa likaisha. Lililokataa kuisha ni lile la Kwaresima. Kwenye posa ya mwisho wakwe walipendekeza tarehe ya harusi, wanaume wakaafiki bila kutazama kalenda, na Paskazia, ambaye hajawahi kukosa Njia ya Msalaba tangu akiwa msichana, akasema, "Nimesikia." Kadi zikachapwa. Ukumbi ukalipiwa. Paroko alipoiona ile kadi aliigeuza mbele na nyuma kama anatafuta mzaha ulikofichwa. Harusi ya vigelegele katikati ya Kwaresima! Ukoo mzima ulikwenda kuwaomba radhi watu, na kila aliyeombwa radhi aliuliza swali lilelile: "Kwani shangazi hakusikia?"

Ndiyo maana Josephat, mdogo wake wa kiume na pekee aliyebaki, alikuja siku moja akaketi uani na kofia mkononi. Binti yake wa mwisho, Dorcas, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na Alexander Odoyo, fundi wa majokofu anayeishi Pasiansi, kijana wa Kijaluo ambaye wazazi wake ni wavuvi kule Rorya. Posa ilikuwa imekaribia.

"Dada," alisema Josephat, "safari hii tumeonelea kile kiti akae Modesta."

"Marahaba," akasema Paskazia.

Josephat akavuta pumzi. Lilikuwa jambo la siri, la kuzungumzwa kwa upole, lakini ilimbidi alipigie kelele. "Nimesema MODESTA AKAE KITI CHAKO! KWENYE POSA YA DORCAS!"

Jirani wa upande wa pili alizima redio ili asikie vizuri.

Modesta ni mdogo wao wa kike, mjane wa Nyegezi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Paskazia alimlea mgongoni. "Modesta ana nini ambacho mimi sina?" akauliza.

"Masikio, dada."

Paskazia aliwahi kunyang'anywa shamba na shemeji zake akalirudisha, aliwahi kupinduliwa na ziwa akatoka. Lakini kiti kile alikikalia baada ya shangazi yake, ambaye naye alikikalia baada ya shangazi yake. Kukitoa akiwa hai, na sababu yenyewe ikatangazwa mpaka kwa jirani, hilo hakuona atalala nalo kitanda kimoja.

"Basi nitanunua," akasema.

"Utanunua nini?"

"Masikio. Si yanauzwa?"

Yanauzwa kweli, tena kila mtu alikuwa na pa kumwelekeza. Muumini mwenzake alitaja stendi. Josephat alilitaja duka moja lenye kuta za vioo katikati ya mji. Revocatus, mtoto wa Modesta aliyeko Dar, alituma picha kwenye simu: mashine ndogo kama harage, inaagizwa mtandaoni, inakuja kwa basi mpaka mlangoni.

"Na atakayeiweka sikioni ni dereva wa basi?" Paskazia aliuliza. "Mwambie Revo nimeona watu waliooana kwa picha. Bwana harusi alipofika alikuwa mfupi."

Hapo ndipo alipofanya uamuzi wake. Angetafuta pa kununulia kwa njia anayoijua yeye, ile ambayo haijawahi kumwangusha. Mashine hii atakaa nayo mchana kutwa, itajua siri zake, ikiugua atahangaika nayo. Hiyo si bidhaa, huyo ni mkwe. Na mkwe huchunguzwa. Unakwenda kwao bila kupiga simu. Unaomba maji ya kunywa, unatazama nani anayaleta na kwa uso gani. Unauliza majirani. Na huulizi kama watu wa nyumba ile hugombana, kwa sababu wote hugombana. Unauliza wakishagombana huwa inakuwaje.

Modesta akakubali kumsindikiza, kwa sababu mbili: anampenda dada yake, na kitenge alichopeleka kushonwa ili akivae siku ya kukalia kile kiti kilikuwa bado kwa fundi.

Walianza stendi ya Nyegezi, kwa kijana anayetembeza mashine za kusikia pamoja na kufuli, tochi na vijiti vya kukunia mgongo. Hakuuliza lolote. Alimpachika Paskazia kitu sikioni akazungusha kidude, na stendi nzima ikamwingia mama wa watu kichwani kwa mkupuo: honi, wapiga debe, sufuria zikiburuzwa, mtoto akilia ndani ya basi la Kahama.

"Vipi mama, unasikia?" kijana akapaza sauti.

"Nasikia kila mtu isipokuwa wewe. Kwenu ni wapi?"

"Mimi napatikana hapahapa."

"Hapahapa wapi?"

"Hapa. Au pale ng'ambo. Ukinikosa, uliza tu Mtu wa Kufuli."

Paskazia alikichomoa kile kidude, nacho kikapiga mluzi mkononi mwake kama panya aliyebanwa. "Mkwe asiye na mlango," akamwambia Modesta. "Twende."

Duka la vioo lilikuwa na mlango, tena unaojifungua wenyewe. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na kijana mwenye tai aliyemwita Paskazia bibi yangu mrembo. Maji yaliletwa haraka, kwenye chupa yenye jina la duka. Mashine zikapangwa juu ya kitambaa cheusi kama mikufu ya dhahabu.

"Hizi mbili ndizo zako, bibi. Na una bahati, punguzo linaisha leo."

"Hujatazama hata sikio langu."

"Mashine hii inajirekebisha yenyewe, bibi."

Modesta akamrudishia dada yake maneno hayo kwa sauti kubwa. Paskazia akaweka chupa mezani. "Mwanangu, nionyeshe mtu mmoja aliyenunua kwako zamani kidogo, nikamsalimie."

"Wateja wetu ni siri, bibi."

"Hata wenye furaha?"

Kijana akacheka, akatazama saa ya ukutani, akasema kesho bei itakuwa nyingine kabisa. Nje, juani, Modesta alilalamika kwamba pale pangewatosha na wangekwisha kurudi nyumbani.

"Wakwe wenye haraka nimewaona wengi," alisema Paskazia. "Ukitazama vizuri, mara nyingi kuna mke mwingine."

Waliambiwa pia juu ya mtaalamu mmoja wa masikio wa Pasiansi, mwanamke anayeitwa Akelo, mwenye vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Paskazia hakuingia moja kwa moja. Alikaa kwa mama lishe aliye jirani, akaagiza uji, akamwachia Modesta kazi ya kuuliza, maana kwa kuuliza Modesta hana mwenzake.

"Hao hapo nyuma wanaishije na watu?"

Mama lishe alipangusa meza. "Watu wanarudi pale kila siku."

"Wanarudi kugomba?"

"Wengine kugomba, ndiyo. Juzi kuna mzee alikuja akitukana tangu barabarani, eti mashine inamkwaruza. Akaingia. Alipotoka hasira imekwisha, akanywa chai hapa, akanisema chumvi imezidi kwenye maharage. Miaka yote amekula hayo maharage hajawahi kusema neno!"

Modesta alirudia yote hayo sikioni mwa dada yake. Paskazia akamaliza uji. "Hapo panafaa kuombwa maji," akasema.

Akelo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alileta maji mwenyewe, kwenye kikombe cha bati. Alingoja Paskazia anywe. Kisha akainama kuokota kalamu, na akiwa huko chini, uso haupo, akasema jambo.

"Marahaba," akajibu Paskazia.

Modesta akafunika mdomo. Akelo hakucheka. Aliinuka, akamtazama mgeni wake usoni na kusema taratibu, "Nimeuliza kama maji yametosha, mama. Njoo nikutazame."

Kwanza alimtoa nta, nyingi kiasi cha kumfanya Paskazia adai aonyeshwe, akakana kwamba ni yake. Kisha akamwingiza kwenye kichumba kidogo chenye dirisha, kilichofanana na cha kuungamia hata Paskazia akaanza ishara ya msalaba. Akamvisha vitu masikioni: kila akisikia mlio, hata mdogo namna gani, abonyeze.

Paskazia akabonyeza. Akatulia kidogo, akabonyeza tena, kwa hekima. Akabonyeza mara nyingine.

Akelo alifungua mlango. "Mama, sijaanza."

Hapo Paskazia alicheka mwenyewe, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu ambacho hakusubiri wenzake waanze. Safari ya pili alibonyeza kwa haki.

Akelo alimweleza bila kumbembeleza. Masikio yote mawili yamechoka, na mashine hazitamrudishia ya usichana. Mwanzoni kila kitu kitakuwa kelele, atataka kuzitupa jalalani, asizitupe, azirudishe zirekebishwe. Kila jioni azifute kwa kitambaa kikavu. "Na leo siuzi," alimaliza. "Nakuazima, ukae nazo nyumbani. Zikikushinda utazirudisha."

"Zikiharibika nitakupata wapi?"

"Hapa. Na nikihama, huyo mama wa uji atakuambia nilikokwenda, hana siri."

"Na ukifa?"

"Kuna binti ninamfundisha kazi."

"Ameolewa?"

"Mama!" alisema Akelo.

"Nauliza tu. Asije akaolewa mbali."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Paskazia aliona ameketi na mtu wa kuchukuliana naye. Akafunga kilemba chake juu ya zile mashine mbili, akaenda nyumbani.

Siku za mwanzo zilikuwa kama alivyoonywa. Alishangaa kwamba kutafuna ugali kuna sauti. Kandambili zake zilimtisha. Bati la paa lilisema maneno mchana kutwa kila jua lilipolipiga. Alizirudisha mashine Pasiansi akiwa na hasira, akarudi nazo, hasira hana. Ndege walikuwa hawajahama, walikuwa kwenye mpera wa jirani, wengi kama zamani na wagomvi kupita zamani. Lakini hakumwambia mtu. Alitaka kwanza ajue ulimwengu ulikuwa unasema nini akidhaniwa hasikii.

Ulikuwa unasema mengi. Watu walikuwa wamezoea kuzungumza mbele yake kama mbele ya kabati. Alijua sasa kwamba Modesta humwiga anavyotembea, tena anamwiga vizuri. Akajua kwamba Dorcas, akiwa anamenya viazi karibu yake, humwambia Alexander kwenye simu, "Mimi namtaka shangazi mkubwa akae pale, hata kama hasikii. Bila yeye nitaona sijaolewa." Paskazia aliendelea kupepeta mchele, akajipa kazi ya kutafuta mawe ambayo hayakuwamo.

Na jioni moja Josephat na Modesta walikaa uani kupanga viti vya posa, hatua chache kutoka alipokuwa amekaa yeye akisali rozari.

"Tumweke pale pembeni, kwenye kivuli," alisema Josephat kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tumpe kiti kizuri na soda, atafurahi."

"Na akianza kuzungumza?" aliuliza Modesta.

"Tutamwongezea soda."

"Soda gani?" akauliza Paskazia.

Modesta aliruka mpaka kanga ikamdondoka. Josephat aligeuka, akamtazama dada yake, akamtazama tena. Paskazia akabusu msalaba wa rozari yake, akaiweka mfukoni, ndipo akafungua kilemba na kuwaonyesha. Kiti kikarudi kwake jioni hiyohiyo. Lakini Josephat, ambaye Kwaresima ile ilimzeesha, aliongeza neno: "Tutaona siku yenyewe, dada. Ukituangusha tena, ni Modesta."

Siku yenyewe wakwe walifika na magari mawili, wamependeza. Mbele yao alikuwa mzee Okomo, babu yake Alexander, mrefu kama mlingoti, koti la suti, kofia, fimbo. Maneno ya upande wao yalisemwa na mshenga, mwalimu mstaafu mwenye Kiswahili cha kunyooka, lakini kwao hakuna linalokubaliwa mpaka mzee Okomo atamke. Kwa hiyo watu wazima wawili walikaa wakitazamana, mmoja wa kusema "Sawa" na mwingine wa kusema "Nimesikia."

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukubaliwa kupitia mshenga. Yalibaki mambo madogo, yale ambayo ndiyo hugombanisha. Josephat alitaja blanketi la bibi. Mshenga akamgeukia mzee.

"Sawa, sawa kabisa," alisema mzee Okomo huku akitikisa kofia.

Josephat alitegemea ubishi. Alipoukosa akapata ujasiri. Akataja koti la mjomba. Sawa kabisa. Akataja beberu wa kuwaaga majirani. Sawa kabisa. Wanaume wa Ndalahwa walianza kukonyezana. Mshenga alitoa leso. Alexander, kwenye mkeka, alikuwa anamtazama babu yake kama mtu anayetazama mtumbwi wake ukielea kwenda zake, ila kijana wa Kijaluo hambishii babu yake ugenini. Mmoja wa wageni alinong'ona kwa wenyeji kwa aibu, "Kiswahili kinamchenga kidogo, mzee wetu."

"Na mashine ya mtumbwi," alisema Josephat, kichwa kimeshapanda moto.

"Sawa," alisema mzee Okomo. "Sawa kabisa. Tunashukuru."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, wengine wakafuata, na wote walipokwisha kucheka, mzee Okomo naye akacheka.

Paskazia aliona kicheko kile kilivyochelewa. Akaangalia vizuri. Kiti cha mzee kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani. Macho yake hayakuwa kwenye nyuso za watu, yalikuwa kwenye midomo, na kila kidevu kilipoinuka kuelekea kwake alisema sawa. Kiswahili hakikuwa na kosa lolote.

Akainuka, akachukua birika la maji ya kunawa kutoka kwa Modesta, akaenda kumnawisha mgeni mwenyewe, kwa heshima. Alipoinama ubavuni kwake alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, kuku utakayemla leo ni wa wizi."

"Asante sana," alisema mzee Okomo. "Asante sana, mama."

Modesta, aliyesimama karibu na taulo, alibaki mdomo wazi. Dada yake akamkanyaga mguu.

Paskazia alirudi kwenye kiti. Watu wote walikuwa wamemgeukia, Josephat akiwa mbele, anang'aa. Hakuhitaji lolote zaidi ya neno lile moja. Paskazia alijua pia ni nini kingemsafishia jina lake mbele ya ukoo mzima: kusema wazi kwamba yeye, Paskazia, anasikia, na kwamba asiyesikia ni yule pale. Na yule pale alikuwa amekaa wima, fimbo kati ya magoti, mjukuu wake mbele yake na wakwe pande zote.

"Sijasikia," akasema Paskazia.

Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo kutoka kwenye kiti kile.

"Dada," alisema Josephat polepole, "hujasikia lipi?"

"Lote. Tangu blanketi."

"Si una zile mashine?"

"Zimenigomea. Mimi ni mzee, mnasema kama mnawinda. Turudie. Na mzee mwenzangu aje akae hapa, ubavuni pangu, sisi wazee tutazamane na wasemaji. Kila mtu asimame mbele yetu aseme taratibu, kwa sauti, afungue mdomo wake. Mlipewa mdomo wa kufungua."

Kulikuwa na minong'ono, na aliisikia yote: Kwaresima ilitajwa. Josephat alishika kichwa. Lakini shangazi hajasikia, kwa hiyo jambo halijakuwa jambo, na hakukuwa na njia ya kupita pembeni. Mzee Okomo akahamishiwa kiti. Josephat akasimama mbele yao, akarudia blanketi kwa sauti ya mnadani.

"Blanketi sawa," alisema mzee Okomo, naye akaongeza kwa mara ya kwanza, "lakini liwe moja. Bibi ni mmoja."

Akakubali koti. Beberu akamkataa, akasema majirani watakula kwenye harusi kama watu wengine. Kisha Josephat, sauti ikiwa imempungua, akalazimika kutamka lile la mwisho huku mzee anamtazama mdomo.

"Mashine ya mtumbwi?" alisema mzee Okomo. "Kwani binti yenu mnamtuma kuvua?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko, na mzee Okomo ndiye aliyeanza. Mshenga alirudisha leso mfukoni. Alexander aliinamisha kichwa mkekani kwa muda kidogo. Tarehe ya harusi ikatajwa, Paskazia akataka kalenda iletwe, wakaitazama yeye na mzee Okomo vichwa vikiwa karibu, wakaridhika.

"Nimesikia," akasema Paskazia.

Wakati wa kula Josephat alimfuata jikoni, hasira na aibu vimechanganyika. "Dada, ulipigwa huko Pasiansi. Hizo mashine si kitu. Mwakani, Mungu akitujalia, kiti ni cha Modesta."

Paskazia aliendelea kupakua. Alikuwa amekwisha kujua kwamba litasemwa.

"Mimi?" alisema Modesta, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa na siri kwa muda wa mlo mzima. "Kaka, mimi kile kiti sikiwezi. Kitenge changu nitakivalia harusini. Muulize dada yako kama anasikia, tena muulizie huko mlangoni, ukiwa umempa mgongo."

Josephat akaona Modesta anavyomtazama, akaanza kuunganisha: kiti kilichohamishwa, mashine ya mtumbwi. Alitoka jikoni, akaenda kumwongezea mzee Okomo nyama.

Jua lilipopoa wageni walijiandaa kuondoka. Paskazia alimwita Alexander nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu, safari hii kwa haki yake. "Babu yako ana muda gani hasikii?"

Kijana alianza kusema kwamba Kiswahili ndicho, kisha akaacha. "Tangu aache kuvua," alisema. "Nyumbani tunajua. Hakuna anayethubutu kumwambia."

"Usimwambie. Nakupa kazi, na ni kazi yako ya kwanza katika ukoo huu. Asirudi Rorya wiki hii, alale kwako. Jumatatu asubuhi umlete kwa Akelo, hapohapo Pasiansi, nyuma ya duka la dawa. Ni wa kwenu yule, watasemeshana Kijaluo. Usimshike mkono kama mtoto, na usiseme unampeleka kutibiwa."

"Akiuliza tunakwenda kufanya nini?"

"Mwambie shangazi yake Dorcas mashine zimemgomea mbele za watu, aliona mwenyewe. Anaogopa kurudi kule peke yake. Anaomba mzee mmoja wa heshima wa kumsindikiza."

"Na wewe utakuwepo, shangazi?"

"Nitakuwa nimekaa kwa mama lishe nakunywa uji. Nenda sasa, wanakungoja."

Alexander alizunguka nyumba, akamkuta babu yake ameshika mlango wa gari. Hakumwambia kwa nyuma. Alikwenda akasimama mbele yake, akangoja mzee amtazame, ndipo akaanza kusema.